Masale ya Kukinga Upepo

Nilizaliwa Pangani, kwa hiyo chumvi naijua. Najua inavyokula bawaba za mlango, na inavyouchoma mchungwa upande mmoja tu, ule wa bahari, mti ukabaki kama mtu aliyenyolewa nusu kichwa. Ujanani mwangu kazi yangu ilikuwa kuwalimia Wajerumani bustani mbele ya nyumba zao za ufukweni. Maana yake ni kuwangoja wapande walichokitaka, kukingoja kife, kisha kupanda kinachowezekana. Ujuzi mwingine sikuwa nao. Kiburi nilikuwa nacho, tena cha kutosha watu wawili.

Ndiyo maana Mjerumani mmoja aliyepewa shamba upande wa Meru aliponiambia kwamba mahali pake pana upepo na chumvi, nilimwuliza bahari ya huko inaitwaje. Hakucheka. Aliniambia nifunge mzigo.

Tulikwenda kwa gari moshi mpaka reli ilipoishia, kisha tukatembea. Tulipofika Usa River nikaona migomba, mibuni, na maji yanakimbia kila upande kama hayana mwenyewe, nikasema moyoni kwamba huyu bwana ni mwongo tu. Lakini hatukukaa kwenye neema ile. Tuliuzunguka mlima kwa mashariki, nyasi zikawa fupi, vumbi likawa jeupe, na mwisho wake tukafika kwenye nyumba iliyotazama maziwa madogo ya magadi. Kila siku, jua likishapita utosini, upepo ulitoka upande wa maziwa, ukazoa unga mweupe kwenye kingo zilizokauka, ukaumwaga wote juu ya nyumba ile. Niliulamba kiganjani. Ulikuwa mchungu, wa kuwasha ulimi, si chumvi ya kwetu. Lakini majani hayakujali tofauti hiyo. Yaliungua upande mmoja tu, kama Pangani. Nikajisikia niko nyumbani, na sikufurahi.

Bibi wa nyumba alikuwa barazani anakunywa chai. Kikombe alikifunika kwa kisahani. Akifunua, anakunywa upesi, anafunika tena. Nilimsalimu. Alinijibu, akakohoa, akanionyesha bustani kwa mkono. Nikatazama mkono ulikoelekea, sikuona bustani. Niliona ukuta.

Ukuta ni kosa la kila mgeni. Mtu akipigwa na upepo hujenga ukuta, kisha hushangaa. Upepo hausimami mbele ya ukuta ukarudi kwao kwa aibu. Huruka juu, huanguka nyuma yake, na kila ulichokibeba hukimwaga hapohapo. Bwana alikuwa amejenga ukuta wa mawe mrefu kuliko mtu, na nyuma yake, pale hasa magadi yalipoangukia, alikuwa amepanda mawaridi. Miche ilikuwa imetoka kwao Ulaya ndani ya makasha. Ilikuwa na majani machache, ya rangi ya karatasi iliyokaa karibu na moto.

"Nimemwahidi mke wangu mawaridi," bwana aliniambia, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu.

Nilimweleza kwamba upepo hauzuiwi, huchujwa. Unaweka safu ya kwanza ya mimea migumu isiyojali kitu, iliyoachana kidogo, upepo upite umepungua nguvu. Nyuma yake safu ya pili. Nyuma ya hizo mbili ndipo mtu anaweza kupanda kitu chenye moyo mwepesi. Alisikiliza yote, akaniambia kwanza niyaokoe mawaridi.

Kuokoa mmea kwenye chumvi kuna njia moja, nayo ni maji matamu, mengi. Unaosha majani asubuhi, unaosha tena jioni, na udongo unaufurikisha ili chumvi isukumwe chini, mizizi isiifikie. Maji matamu yalikuwapo. Mbele ya nyumba, upande wa maziwa, palikuwa na kilima kirefu kama mgongo wa ng'ombe, na ng'ambo ya kilima, bondeni, palikuwa na chemchemi moja. Mto wa karibu nao ulikuwa na magadi, na waliokulia kwenye mto ule walijulikana kwa meno yao ya kahawia. Chemchemi ile peke yake ndiyo iliyokuwa safi. Mawe ya mpaka aliyoyaweka mpimaji wa serikali yalikuwa mbali, ng'ambo ya chemchemi, hivyo kwa hesabu ya serikali ilikuwa ya bwana. Alikuwa ameizungushia miiba, akaacha mlango mdogo. Mwenye ruhusa ya kuufungua mlango huo nilikuwa mimi.

Siku ya kwanza nilipokwenda na debe langu nilimkuta mama mmoja wa Kimeru amesimama nje ya miiba na kibuyu. Alikuwa mjane, nyumba yake ilikuwa hapo bondeni kwenye migomba michache, na alikuwa amechota pale tangu alipoolewa. Kiswahili alikipata kwa kuwauzia ndizi watu wa misafara. Hakikuwa kingi, lakini hakikupotea njia.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Alinitazama kama mtu aliyepewa kitu asichojua pa kukiweka. Huko wakati ule shikamoo ilikuwa bado ngeni. Hakuomba maji. Alinitazama nikijaza debe, akanifuata kuvuka kilima mpaka bustanini, akasimama na kunitazama ninavyoyamwaga maji juu ya majani, jani moja moja, na kuyafuta kwa kitambaa.

"Maua yako yanaumwa?" aliuliza.

"Yameingiwa na magadi, mama."

"Wajukuu wangu nao," alisema, akashuka zake kuelekea mtoni.

Nilikasirika. Nilimkasirikia bwana, nikayakasirikia mawaridi, na kwa kuwa hao hawakuwa wa kugombezwa, nilimkasirikia mama yule kwa kusema jambo ambalo tayari nilikuwa nalijua. Kesho yake alikuwepo tena. Na kesho yake. Bwana alipokwenda bomani Arusha nilimjazia kibuyu, lakini bwana hakuwa mtu wa safari. Siku nyingine zote mama alisimama tu nje ya miiba, kisha akaenda mtoni kuwachotea wajukuu maji yaleyale ya magadi. Sijawahi kuchukia kazi yangu kama miezi ile. Nilikuwa naliosha ua uso, huku watoto wa watu wanashika matumbo.

Basi nikaona njia ni moja. Safu za kukinga upepo zikisimama, magadi yatapungua, mawaridi hayatahitaji kuogeshwa kama bwana harusi, na huenda bwana akailegeza ile miiba. Nilikuwa na mbegu za mvinje, mti wetu wa ufukweni usiojali chumvi, nilizozileta kutoka Pangani kwenye fundo la nguo. Niliziotesha, nikalea miche, nikaipanda juu ya kilima ikiwa imefika kiunoni. Ilipendeza sana. Asubuhi moja nikakuta vijiti. Twiga walikuwa wamepita, wakala safu ya kwanza yote bila kuharakisha.

"Pwani mlifanyaje?" bwana aliuliza.

"Pwani, bwana, samaki hawapandi ufukweni kula miti."

Hilo nalo hakulicheka. Nikaanza kutafuta mmea ambao hauliwi na mtu wala mnyama, na nikaukuta mlimani kwa Wameru wenyewe. Kila nyumba kule ilikuwa na masale. Ni mmea wa majani marefu kama panga, shina jembamba lililosimama wima. Ukikata kipande ukakichomeka ardhini, kinaota bila hata kushukuru. Masale yalizunguka mashamba yao kwa mistari iliyonyooka, mbuzi wanapita kando yake wala hawageuzi shingo. Nilipoyaona nikajiambia kwamba watu hawa wana kinga nzuri ya upepo, ila hawajui kuitumia, maana wameyapanda hata kule kusikokuwa na upepo.

Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Naandika kama ilivyokuwa.

Nilimwendea yule mama kuomba vipande. Alikuwa anamenya ndizi. Aliacha.

"Unataka masale," alisema. "Unapanda na nani?"

"Na bwana."

"Bwana anajua?"

"Ndiye aliyenituma."

"Mstari utapita wapi?"

Nilimwonyesha: juu ya kilima, kuanzia ule mgunga mkubwa mpaka kwenye mawe mekundu. Safu ya kwanza kuwekwa mgongoni mwa kilima ndiko kuuvunja upepo kabla haujashuka; fundi yeyote wa pwani angekwambia hivyo. Nyumba ingebaki upande huu wa mstari na chemchemi ingebaki upande ule. Chemchemi haikuhitaji kukingwa na upepo.

"Juu ya kilima," alirudia mama. "Huku kwenu, na huku..." Alinyosha mkono kuelekea bondeni.

"Ndiyo, mama."

Alinitazama sana. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka amevaa nguo yake nzuri. Nilidhani ameona baridi.

Siku ya kupanda bwana alikuwa amelala na homa, hakutoka. Mama alikuja na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na wazee kadhaa wa bondeni, na vipande vya masale vingi kuliko nilivyoomba. Walileta pia pombe ya ndizi. Mimi pombe sinywi, lakini nilifurahi kuona kazi ya bustani inaheshimiwa kiasi hicho. Pwani hakuna mzee aliyewahi kuvaa vizuri kuja kunitazama nikichimba mashimo. Kila kipande nilichokishika, mzee mmoja alikishika nami. Nilipofukia udongo, mama aliukanyaga kwa upande wa bondeni, na nyapara wetu, ambaye naye ni Mmeru, aliukanyaga kwa upande wa nyumba. Walimwaga pombe kidogo kwenye shina la mwanzo na la mwisho. Niliwaambia kwamba maji yangetosha. Walinijibu kwa adabu kwamba maji ni yangu kumwaga nikipenda.

Kesho yake miiba ya chemchemini ilikuwa imeondolewa. Haikutupwa, ilipangwa vizuri kando, kama kuni za mtu. Mama na wajukuu wake walikuwa wanachota.

Bwana, homa imempungua, alisikia sauti za watoto kutoka barazani. Alipanda kilima akiwa na viatu bila soksi, akaona. Aliuliza nani ameondoa miiba, na shemeji wa mama alimjibu kwa upole mkubwa, akamshukuru. Ilibidi nyapara aitwe. Nyapara akaeleza, taratibu, kwamba masale ndiyo mpaka. Majirani wawili wakipanda masale pamoja mbele ya wazee, mambo ya ardhi yamekwisha. Huku ni kwako, kule ni kwake, na hakuna mtu mwenye akili zake anayeyang'oa. Anayeng'oa masale ya mpaka huleta balaa mpaka kwa wajukuu. Nyumba ya bwana jana ilikuwa imeirudisha chemchemi kwa mama, kwa mikono ya fundi wake mwenyewe.

"Nani alikuwepo?" bwana aliuliza.

"Watu wote," alisema nyapara. "Mimi mwenyewe nilikanyaga."

"Kwa nini hukuniambia?" nilimwuliza mimi.

Nyapara alinishangaa. "Nilidhani unajua. Ulipanda vizuri sana."

Bwana akawaamuru vibarua wa shamba wayang'oe. Hakuna aliyesogea. Alitaja kiboko, akataja bomani Arusha, akawataja askari. Vibarua walitazama chini, wakaendelea kutosogea. Niliona hofu yao, nikaona pia kwamba kuna hofu nyingine nyuma yake iliyo kubwa zaidi. Hapo bwana akanigeukia.

"Wewe si mtu wa huku. Masale si yako. Ng'oa."

Alisema kweli. Mimi ni mtu wa Pangani, Mwislamu, na balaa la masale halikuwa na jina langu. Nilikwenda mpaka shina la kwanza nikalishika. Udongo ulikuwa bado laini; lingetoka kama jino la mtoto. Mama alikuwa bondeni, kibuyu kimejaa, hajakiinua kichwani. Hakunitazama kwa kuniomba. Alitazama mkono wangu tu, na wajukuu wake wakatazama alikotazama yeye. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimeshika maji yao.

"Bwana," nilisema, "yakitoka haya, upepo utaua mawaridi yote."

"Na bila chemchemi yatakufa vilevile. Ng'oa. Nimemwahidi mke wangu mawaridi."

Bibi alikuwa ametoka barazani akatufuata kilimani, hatukumsikia kwa sababu ya upepo ulioanza kuamka. Mkononi alikuwa na kikombe chake, kisahani juu. Angeweza kusema lugha ya kwao, lakini alisema Kiswahili, ili tusikie sote. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, hakikuwa na mahali pa kujificha.

"Mimi sikutaka mawaridi," alisema.

Bwana alimwambia kitu kwa Kijerumani. Yeye akajibu kwa Kiswahili tena.

"Wewe uliahidi. Mimi sikuomba. Mimi nataka kukaa nje. Nakunywa vumbi kila siku." Akainua kisahani, akatuonyesha chai. Juu ya chai palikuwa na utando mweupe. Kisha aliinama kwenye masale, upande wa nyumba, akajikunja kabisa mpaka kichwa kikawa chini ya ncha za majani, akakaa hapo ardhini na gauni lake. Mmea ulikuwa wa jana, mfupi, haukuweza kukinga hata paka. Alikaa hivyohivyo. "Hapa," alisema. "Yakikua. Nitakaa hapa."

Mtu mzima, mke wa bwana, amekaa kwenye udongo. Kule kwao pengine jambo hilo lina maana nyingine. Kwetu sote pale, Mmeru na Mpangani, lilikuwa na maana moja tu, kwamba haondoki. Bwana alimtazama kwa muda, uso umempauka. Nilimwonea huruma, jambo ambalo sikulitegemea. Alikuwa ameyapigania yale maua kwa moyo wote, amejenga ukuta, amefunga chemchemi, amenitoa Pangani, na muda wote huo mke wake alikuwa akitaka pa kuketi. Aligeuka akarudi ndani. Nikaliachia shina. Mama akainua kibuyu chake.

Mawe ya serikali hayakuondolewa. Yalibaki yalipokuwa, ng'ambo ya chemchemi, na masale yakabaki juu ya kilima, na kila mpaka ukaendelea kuwa mpaka kwa watu wake. Bwana hakuyataja tena. Ukuta niliubomoa nusu, nikayatumia mawe kutengeneza kiti kirefu nyuma ya safu ya pili, safu ya mkonge, mahali ambapo upepo ulifika umechoka. Nilikiweka chini, chini kuliko anavyotegemea Mzungu, maana mahali pa upepo mtu huketi karibu na ardhi. Kando yake nikapanda vitu visivyodai. Masale yalikua upesi, na mwaka uliofuata bibi alikaa pale mchana kutwa na kikombe kilicho wazi, akishona, akikohoa mara chache kuliko awali.

Mawaridi bwana aliniambia niyaache. Mimea niliyoiua maishani ni mingi, lakini yote niliiua nikijaribu kuiponya. Hii peke yake niliamriwa kuitazama tu. Nilipita karibu nayo kila asubuhi nikiwa na mikono mitupu. Majani yalianguka upande wa maziwa kwanza, kisha upande wa pili, kisha miiba ikabaki, na sitasema kwamba haikuniuma. Iliniuma. Yalikuwa yametoka mbali kuliko mimi.

Siku niliyoing'oa ile miti mikavu nilishikwa na kiu, nikachukua debe nikavuka masale kwenda chemchemini. Nilipofika bondeni nikagundua kwamba sina tena ruhusa ya kuchota. Nilisimama pale ilipokuwa miiba zamani. Mama alikuwa anachota, mjukuu mmoja yuko mgongoni, mwingine amekaa kwenye jiwe anakunywa kwa kiganja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema. Alikuwa amejifunza. "Maua yako?"

"Yamekufa, mama."

"Pole," alisema, na alimaanisha. Akalichukua debe langu mkononi mwangu, akalijaza mwenyewe mpaka ukingoni, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Haya ya kunywa," akasema.